Mashine Inasema Nini?

Wiki iliyopita nilikuwa napita kwenye gereji moja hapa Maisaka, nikamkuta kijana ameinama ndani ya gari, kifaa cha kupimia amekichomeka chini ya usukani, macho yote kwenye simu. Injini ilikuwa inawaka. Mkanda ulikuwa unapiga kelele mpaka kuku wa jirani wamehama. Nikamuuliza, "Mwanangu, hiyo sauti ni ya nini?"

"Shikamoo mama," akanijibu kwa heshima kabisa. "Kompyuta haijaonyesha tatizo."

Kisha akamgeukia mwenye gari akamwambia gari ni zima, aondoke nalo. Nilibaki nimesimama palepale mdomo wazi. Kijana ana masikio mawili mazima, na hakuyauliza kitu.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii. Mimi naitwa Mama Paskali. Nimestaafu ufundi mitambo. Miaka yangu mingi niliimalizia kwenye karakana ya chuo cha ufundi hapa Babati, nikitunza mashine na kuwaelekeza wanafunzi. Sizichukii kompyuta zenu, zinajua mengi nisiyoyajua. Lakini kusikiliza mashine nilifundishwa na Mjapani mmoja, na kwa nini alinifundisha vile nilikuja kujua nikiwa nimechelewa.

Alikuwa anaitwa Mwalimu Tanabe. Aliletwa chuoni kufundisha matengenezo ya mitambo, mtu mzima mwenye mvi, mfupi, viatu vyake vinang'aa hata kwenye tope la masika. Kiswahili alijifunza kidogo kabla ya kuja, ila jina langu lilimshinda. Alilitamka "Mama Pasukari." Wanafunzi wakasikia sukari, na kufikia wiki ya pili chuo kizima kiliniita Mama Sukari. Mpaka leo sokoni kuna wanaodhani ndilo jina langu.

Siku yake ya kwanza karakana, alisimama mbele ya mashine ya kukerezea vyuma, akaniangalia, akauliza, "Mama Pasukari, mashine inasema nini?"

Nikamwambia haijasema kitu, inafanya kazi.

"Hapana. Inasema nini? Fanya kwa mdomo."

Nilitazama huku na huku. Wanafunzi walikuwa wamejaa mlangoni. Mtu mzima, mama wa watoto, niige mashine? Nikajikaza. "Kwi kwi kwi," nikasema kwa sauti ya chini, na darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliitikia kwa kichwa kwa makini, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu, akasema, "Sawa. Kwetu tunasema *kyuru kyuru*. Mkanda umelegea." Akaukaza mkanda. Kelele ikaisha.

Hapo ndipo mshangao wangu ulipoanza. Hata sisi tukipeleka kitu kwa fundi tunaiga sauti, lakini tunaiga huku tunacheka, kila mtu na yake. Wewe utasema kwi kwi, mwenzako atasema nyii nyii, fundi naye abahatishe. Kumbe Wajapani wana maneno kamili, yapo kwenye kamusi, na watu wazima wanayatumia bila aibu. Mama jikoni kwake na mhandisi kiwandani wanasema neno lilelile. Maji yakidondoka bombani ni *pota pota*. Ile mashine ya umeme ya kupasha chakula, ikimaliza hulia *chin*, na sauti hiyo imegeuzwa kitendo. Kupasha chakula ni kukifanya chin. Nilimwambia ananidanganya. Akaapa.

Kisha akanionyesha kitu ambacho nimekitumia mpaka siku ya mwisho kazini, nanyi kichukueni. Kitu kidogo kigumu kikilegea, kama skrubu au kifuniko, hulia *kata kata*. Kitu kikubwa kikilegea hulia *gata gata*. Umeona? Ile K imegeuka G, na tatizo limekuwa zito. Kata kata unaweza kumaliza kazi yako ndiyo ukaze. Gata gata unasimama kwanza. Na kitu kikisagana chuma kwa chuma, beringi inayojila yenyewe, hiyo ni *gori gori*, na hapo hakuna kusubiri chochote. Sauti ni nyepesi au ni nzito? Inaviringika au inasaga? Mkijiuliza hayo mawili tu kabla hamjashika spana, mtaokoa mashine nyingi.

Lakini nisiwafiche, maneno yale yalituponza.

Mpishi wetu wa chuo alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia kabisa. Alasiri moja anatuletea chai, mvua kubwa ikashuka ghafla juu ya bati. Mwalimu Tanabe akanyoosha mikono juu kwa furaha, akamtazama usoni na kusema kwa nguvu, "Mama! Zaa zaa! Zaa zaa!"

Yule mama alisimama na sinia lake. "Mwalimu," akasema polepole, "mimi nimekukosea nini?"

Kumbe *zaa zaa* kwao ni sauti ya mvua kubwa. Ilibidi nimshike mpishi mkono na kumweleza mpaka akaelewa, na hata alipoelewa aliendelea kumpimia mwalimu chai nusu kikombe kwa muda mrefu.

Siku nyingine wanafunzi walisafisha karakana ikang'aa. Akaingia, akasema, "Pika pika! Pika pika!" Ni neno lao la kitu kinachometameta. Vijana wakatoka mbio kuwasha jiko.

Tulicheka sana siku zile. La kata kata, hilo halikuchekesha.

Kulikuwa na mashine ya kusaga nafaka kule Bagara, ya Mzee Swalehe, mfanyabiashara mpole ambaye baba yake alitokea pwani. Aliyeiendesha ni kijana mmoja hodari, Boay, mtu mtiifu kupita kiasi. Ukimwambia ruka, ameshakuwa hewani. Mzee Swalehe alituomba tukamwangalizie mashine, maana mikanda alikuwa amefunga mipya, ameiagiza Arusha, na bado kuna kitu kinalia. Tukaenda. Boay akaizima. Mwalimu Tanabe akaishikashika, akaniuliza ilikuwa inasema nini, nikamwambia naona ni kitu chepesi kimelegea. Akaitikia kwa kichwa, akauelekeza mkono upande wa mikanda, akasema, "Ee. Kata kata."

Mimi nilikuwa nimegeuka kuchukua spana kwenye mkoba. Niliposikia mwalimu akipiga ukelele na kugeuka, Boay alikuwa amesimama na kisu cha kufungulia magunia, na mikanda mipya imelala chini vipandevipande.

Mzee Swalehe alivua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena.

"Amesema kata," Boay akasema, macho yamemtoka. "Si mmesikia wote? Tena amerudia."

Mwalimu Tanabe alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nilipomtafsiria neno lake lina maana gani kwetu, uso ulimbadilika rangi. Aliinamisha mgongo mbele ya Mzee Swalehe mpaka mzee wa watu akaona aibu, akamwinua. Wanawake wa Bagara walibeba mahindi yao kwenda kusagia mbali mpaka mikanda mingine ilipofika.

Tangu siku hiyo tuliwekeana utaratibu. Yeye hasemi neno la Kijapani mbele ya watu kabla hajaninong'oneza mimi. Nami nikazidi kujifunza, maana nilijua neno moja likikosewa linaweza kukata mkono wa mtu badala ya mkanda.

Nami nilimshtua mara moja, nisiseme mambo yalikuwa ya upande mmoja. Alikuwa ananisifia lugha yake ilivyo na masikio. Nikamuuliza, "Mwalimu, ile ya magurudumu mawili inayopita nje inaitwaje?"

"Pikipiki."

"Na lile la kusukuma udongo barabarani?"

"Tingatinga."

"Sasa taja tena polepole, usikilize."

Akataja. Akataja tena, pi-ki-pi-ki, kisha akavuta kigoda akakaa. Nikamwambia wazee wetu pikipiki waliiita pia tukutuku. Alicheka mpaka akafuta miwani. "Sisi tumezipa mashine maneno," akasema. "Ninyi mmezipa majina. Zimekuwa watu."

Sasa niwaeleze tabia yake moja, maana ndiyo iliyokuja kunitoa jasho. Tulipokwenda kukagua mashine yoyote hakuanza kusema yeye. Alitwaa bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye chuma, mpini akaugandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Au aliweka kiganja kizima juu ya mota, akafumba macho. Halafu lile swali lake, "Mama Pasukari, inasema nini?" Nikisema, ndipo anaamua. Mimi nilijua ananipa mtihani. Nilijivuna kidogo, nikawa najiandaa, nazima redio, nawaomba watu wanyamaze, nasikiliza mashine ikiwa ya baridi kwanza kisha ikishapata moto. Wanafunzi wakaiga ile bisibisi ya nyuma ya sikio, wakidhani ndiyo mtindo wa Japani. Mimi pia nilidhani hivyo.

Basi ikafika asubuhi moja baada ya mavuno, Mzee Swalehe akapiga simu. Mashine inalia vibaya, na foleni ni ndefu, hataki kuizima mpaka fundi afike aisikie ikiwa kazini. Tukapanda bajaji mpaka Bagara.

Nyumba ya mashine ilijaa. Wanawake na ndoo zao, magunia yamepangwa ukutani, vumbi la unga hewani kama ukungu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa amekaa juu ya gunia lake kando ya mashine, ameegemea ukuta, anasubiri zamu. Mzee Swalehe akatupokea mlangoni.

"Karibuni. Mama Paskali, mwambie mwalimu leo asiseme kata."

Watu wakacheka. Nami nilicheka. Mwalimu Tanabe akapita moja kwa moja, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha mashine, uso umetulia kabisa, kama mtu aliyeweka mkono kwenye paji la mtoto kupima homa. Akanigeukia.

"Inasema nini?"

Ile kelele ya jumla ilikuwa *gara gara*, ya kawaida kwa mashine iliyochoka, kitu cha kukongoroka tu. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni. Sijui ni nini kilinizuia. Labda ni kwa sababu foleni ilikuwa inaniangalia. Nikasogea, nikainama, nikaziba sikio moja kwa kidole ili lingine lisikie vizuri. Chini ya ile gara gara kulikuwa na kitu kingine kinasaga taratibu. Na ndani ya kile kinachosaga, kitu kingine, kikavu, chuma kinagonga chuma na kupotea, kinagonga na kupotea.

Nikainuka, nikamwambia uso kwa uso, "Gori gori. Na ndani yake, kan. Kan."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Alitoa mkono juu ya kifuniko kama ameungua. "Zima!" akapiga kelele, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Zima! Watu toka! Toka wote!"

Boay, yule mtiifu wetu, Mungu ambariki, hakuuliza. Akairukia swichi. Lakini mashine ya kusaga ukiizima haisimami. Ile shafti nzito inaendelea kuzunguka kwa nguvu zake. Nikamshika yule mama mwenye mtoto mkono nikamvuta. "Gunia langu," akasema. "Liache!" Tulikuwa tumefika mlangoni, tunasukumana, ndoo zinaanguka, nikasikia mlio ambao sina neno lake kwa Kiswahili wala Kijapani. Niliusikia kifuani kuliko masikioni.

Unga ulitoka mlangoni kama moshi. Halafu tukaanza kuitana majina. Kila aliyeitwa aliitika. Wote tulikuwa weupe, nyusi, kope, nguo, na mtoto mgongoni kwa mama yake alikuwa mweupe vilevile, anapiga chafya.

Vumbi lilipotulia tuliingia mimi, Mzee Swalehe na Boay. Beringi ilikuwa imekufa, shafti imeyumba, pini inayoshika nyundo za ndani, zile zinazoponda nafaka, imekatika. Nyundo moja ilikuwa imetoboa kifuniko cha chuma kana kwamba ni karatasi, ikapita gunia la mahindi, ikazama kwenye tofali. Gunia lilikuwa la yule mama. Mahindi yalikuwa bado yanamwagika kutoka kwenye tundu, na tundu lilikuwa usawa wa mgongo wa mtu aliyekaa.

Mzee Swalehe alilitazama, akakaa chini sakafuni, kwenye unga, na kanzu yake.

Mimi nilitoka nje. Mwalimu Tanabe alikuwa amekaa kwenye jiwe, anafuta unga kwenye miwani. Hasira ilinipanda kabla ya hofu kuisha. Nikamwambia, "Mwalimu, wewe ni bingwa wa mambo haya. Ile sauti mimi niliisikia kwa kuinama tu. Kwa nini ulisimama unaniuliza mimi? Watu wamekaa pale, mtoto yupo pale, wewe unatoa mtihani?"

Alinitazama mdomo. Nikagundua hapo, kwa mara ya kwanza, kwamba siku zote alikuwa ananitazama mdomo.

"Mama Pasukari," akasema, "mimi sikusikia."

"Hukusikia nini?"

"Sikusikia. Sikio hili limekufa zamani." Akagusa la kulia. "Hili linasikia sauti nzito kidogo. Sauti kali, hapana. Kiwandani, nilipokuwa kijana, mashine kubwa, hatukuziba masikio. Tuliona ni ujasiri."

Nilikaa chini. Miaka yote ile aliyokuwa nasi. Kila mashine tuliyoikagua, kila jenereta, kila pampu ya maji. Ile bisibisi ya nyuma ya sikio ilikuwa ni mtu anayetafuta sauti kwa mfupa. Lile swali halikuwa mtihani hata siku moja. Alikuwa anauliza kwa sababu hajui. Na mimi nilikuwa najibu kwa raha zangu, nikingoja kusifiwa.

"Na kama ningesema gara gara?" nikamuuliza. "Ilikuwa imeshafika mdomoni."

"Nilijua hutakosea."

"Hukujua! Uliweka maisha ya watu kwenye ulimi wangu, na hukuniambia."

"Ningesema, wangenirudisha nyumbani," akasema. "Nyumbani sina karakana."

Kesho yake niliingia kazini nimeazimia kwenda kwa mkuu wa chuo, na sijui kama ningepata ujasiri, maana nilimpenda mwalimu yule. Nilipofika ofisini nikamkuta yeye yuko mle tayari, amesimama, ameshamaliza kusema. Mkuu wa chuo alikuwa ameivua miwani na kuiweka mezani. Waliafikiana amalizie muhula akifundisha darasani, asikanyage tena penye mashine inayowaka. Kabla ya kuondoka alikwenda Bagara mwenyewe, akamwomba radhi yule mama wa gunia. Mama akampa kuku. Mwalimu alirudi naye kwenye bodaboda amemkumbatia, hajui amfanye nini.

Kwa hiyo mkinisikia nagomba gerejini kuhusu vizibo vya masikio, msiseme mama huyu kazeeka. Mnaposaga chuma, zibeni. Mnapogonga bodi ya gari, zibeni. Sikio halitoi damu likiumia, halikuombi dawa. Linapunguza tu neno moja leo, jingine mwakani. Na kama huwezi kusikia vizuri, sema mapema. Mwambie mwenzako, "Wewe ndiye masikio yangu," ili ajue amebeba nini. Mimi ningebeba vizuri zaidi.

Alasiri ya mwisho alikuja karakana kuniaga. Wanafunzi walikuwa wametoka, mitambo yote imezimwa, umeme nimekata. Hata barabarani hakukuwa na kitu kinachopita. Alisimama katikati, akageuka taratibu akizitazama mashine moja moja, kisha akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kwake.

"Shiiin."

Nikauliza ni sauti ya nini.

"Ya hii," akasema, akizungusha mkono kwenye hewa. "Ya kutokuwa na sauti. Hakuna kitu kinacholia. Tunasema *shiin*."

Nimeshangazwa na mengi katika kazi hii, lakini hilo lilinisimamisha. Watu wana neno la sauti ya kukosekana kwa sauti! Nilimwambia hivyo. Akatabasamu, akagusa sikio lake. "Hii ndiyo ninayoisikia zaidi sasa. Asubuhi mpaka jioni."

Nilitafuta la kumfariji, nikakumbuka namna bibi yangu alivyokuwa anasimulia nyumba iliyohamwa. "Hata sisi tunalo," nikamwambia. "Tunasema kimya jiii."

"Jiii," akasema, akinitazama mdomo. Akaniuliza ile sauti ya mwisho inavutwa mpaka wapi.

Nikamwambia inavutwa mpaka pumzi iishe. Akaweka kiganja juu ya mashine ya kukerezea, baridi, imezimwa, akafumba macho, akaanza kuivuta ile jiii.